Naingia mwaka wa kwanza Moshi, hosteli chumba cha watu wanne: nijipange vipi?

Mgeni_wa_Singida aliuliza:

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu.

Nimechaguliwa chuo hapo Moshi na naripoti baada ya wiki tatu. Jina langu limetoka kwenye orodha ya hosteli: chumba cha watu wanne, dabodeka mbili, vyoo na mabafu viko mwisho wa korido. Chuo kinatoa kitanda na kabati, godoro unakuja nalo mwenyewe. Kupika chumbani hairuhusiwi.

Bodi ya Mikopo wamenipa pesa yote ya chakula na malazi. Kaka zangu wananishauri niachie nafasi ya hosteli nitafute geto mtaani, yaani chumba cha kupanga, kwa sababu mtaani unapika mwenyewe. Mama anataka hosteli.

Naomba kujua siku ya kwanza nikifika chumbani niangalie nini, nibebe nini kutoka nyumbani na nini ninunue hukohuko, na hili la geto kihesabu likoje. Naomba mnipe na vipimo, nataka kuandika kwenye karatasi.

---

Waden_wa_Zamani:

Marahaba. Nitaanza na siku ya kwanza, kwa sababu makosa mengi ya mwaka mzima hufanyika ndani ya saa mbili za mwanzo, mtu akiwa amechoshwa na basi na anachotaka ni kulala tu.

Basi likikufikisha jioni, lala kwa ndugu au gesti na uende chuoni asubuhi. Ofisi za umma hufungwa saa 9:30 alasiri, na kabla ya hapo unawahitaji watu watatu: mhasibu athibitishe malipo, msimamizi wa hosteli akupe ufunguo, na fundi kama kuna kilichoharibika. Anayepokea ufunguo saa 11 jioni hupokea chumba kama kilivyo, na malalamiko yake yanasubiri mpaka Jumatatu.

Malipo yafanye kwa kontroli namba iliyotoka kwenye akaunti yako ya chuo, si kwa namba ya simu ya mtu anayedai atakushikia chumba. Namba hiyo ina tarehe ya mwisho. Ikipita, nafasi inaenda kwa aliye kwenye orodha ya kusubiri, hata kama jina lako lilibandikwa ukutani. Chapa risiti nakala mbili.

Sasa chumba. Mabegi yabaki kwa mlinzi au kwenye korido. Ingia mikono mitupu, na tochi ya simu.

Anza na kitanda chako, na unachotafuta ni kunguni. Geuza ubao au inua chaga, umulike kwenye maungio, matundu ya nati, kona za fremu na nyuma ya ubao wa kichwani. Kunguni mkubwa ana urefu wa milimita 5 hivi, kama punje ya mtama iliyobanwa, rangi ya kahawia. Mara nyingi hutamwona mwenyewe mchana. Utaona alama zake: vidoa vyeusi vidogo kama nukta za kalamu vilivyokusanyika sehemu moja, maganda makavu mepesi, na mayai meupe ya milimita 1 yaliyonata kwenye ufa. Pangusa vile vidoa kwa kitambaa chenye maji. Vikichafua kitambaa rangi ya kahawia, hicho ni kinyesi cha kunguni. Kagua vitanda vyote vinne, kwa sababu kunguni wa kitanda cha jirani atatembea mita mbili bila shida. Ukiwaona, usiingize kitu. Rudi kwa msimamizi uombe chumba kipulizwe kwanza. Ni rahisi mara kumi kupuliza chumba kitupu kuliko chumba chenye magodoro manne, vitabu na nguo.

Mlango: funga na ufungue kitasa mara tano. Uliza funguo zipo ngapi na nani anazo. Wanafunzi wa mwaka uliopita huondoka na kopi, kwa hiyo omba kitasa kibadilishwe, au kama mlango una komeo, weka kufuli lenu na mkate funguo nne. Dirisha: hesabu vioo, sukuma nondo kwa mkono, angalia wavu wa mbu. Wavu wenye tundu la kidole ni sawa na hakuna wavu. Kabati: je, linafungika? Kama halifungiki, tranka ya bati yenye kufuli itabidi iwe ya lazima kwako.

Bafuni, fungua bomba na umwage maji chooni, uone yanashuka au yanarudi. Uliza tangi linajazwa siku zipi na saa ngapi. Hilo jibu ndilo litakuambia ununue ndoo ngapi.

Kisha fomu ya kupokea chumba. Hapa ndipo pesa ya tahadhari, ile amana ya kufidia vitakavyoharibika, inapopotelea. Vyuo vingi huandika "kioo, taa, soketi, kabati: vizima" na kukupa usaini. Usisaini hivyo. Andika kwa mkono wako kilichovunjika, tarehe, na msimamizi asaini pembeni. Piga picha kila kasoro, na picha moja pana inayoonyesha namba ya mlango. Mwezi wa saba ukirudisha ufunguo, aliyekupokea anaweza kuwa ameshahamishwa, na fomu ndiyo itakayosema kwa niaba yako.

Godoro: pima fremu kwa futikamba kabla ya kununua. Dabodeka nyingi ni futi 2.5 au 3 kwa 6, na godoro la futi 3 kwenye fremu ya 2.5 linaning'inia pembeni. Ukipewa kitanda cha juu, chukua la inchi 4. Ukingo wa kukuzuia usianguke unatakiwa ubaki juu ya godoro kwa inchi 5 au zaidi. Mtu anayeweka godoro la inchi 8 juu huwa ameuondoa ukingo bila kujua. Kwa sababu hiyohiyo usilibebe kutoka Singida. Nunua Moshi mjini ukishapima.

---

Fundi_Pasua:

Mkuu hapo juu amegusa soketi kwa neno moja, naomba niingie hapo, maana moto wa hosteli kwa kawaida unaanzia hapo.

Watu wanne kwa soketi mbili si tatizo mkiwa na vyombo vidogo. Laptop inakula wati 45 hadi 65, simu 10 hadi 20. Laptop nne na simu nne hazifiki wati 400. Shida ni vitu vya joto: pasi wati 1,000 na kupanda, birika la umeme 1,500 hadi 2,200, jiko la koili 1,000 kwa koili moja.

Umeme wetu ni volti 230. Gawa wati kwa 230 upate ampea. Birika la wati 2,000 ni karibu ampea 9. Ekstensheni nyingi za bei rahisi zina waya wa milimita za mraba 0.75, ambao haufai kuzidishwa ampea 6, yaani wati 1,380. Sasa angalia kinachotokea: plagi ina fyuzi ya 13, mzigo ni 9, fyuzi haikatiki kwa sababu 9 ni ndogo kuliko 13. Breka ya ukutani nayo imetulia. Waya ndio unaopika polepole, na ukiwa umeviringishwa au umepita chini ya godoro joto halina pa kutokea. Kwa hiyo watu husema "fyuzi haikukatika, moto umetoka wapi?" Fyuzi ililinda kiwango chake tu, waya haukuwa na ulinzi.

Ukinunua ekstensheni soma maandishi kwenye ganda la waya. Tafuta 3 x 1.5. Isiyo na maandishi yoyote iache dukani. Moja hiyo inatosha chumba kizima, itandazwe wazi pembezoni mwa ukuta, wala usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni.

Soketi yenyewe: chomeka chaja, utikise. Ikicheza, ikitoa cheche, au uso wake una rangi ya kahawia, isitumike mpaka fundi wa chuo aje. Baada ya nusu saa ya matumizi gusa plagi. Vuguvugu kidogo ni sawa, ikikufanya uondoe mkono skrubu za ndani zimelegea. Ukisikia harufu kama ya samaki au plastiki inayoungua, zima kwenye meni (swichi kuu) kwanza ndipo utafute inatoka wapi.

Na kuhusu koili zinazofichwa chini ya kitanda: chukulia breka moja ya ampea 20 inahudumia vyumba vitano. 20 mara 230 ni wati 4,600. Saa mbili usiku koili tano zikiwaka pamoja ni wati 5,000, breka inaanguka, korido nzima giza. Kosa kubwa linakuja hapo, pale wanapomwita mtu kimyakimya aweke breka ya 32. Haianguki tena, wanafurahi. Waya wa 2.5 uliomo ukutani haukubadilishwa, na kinga yake imeondolewa. Ukisikia kuna korido imefanyiwa hivyo, katoe taarifa siku hiyohiyo.

---

Mgeni_wa_Singida:

Asanteni sana wakubwa. Fundi, je hita ya kuchovya kwenye ndoo, ile ya kuchemshia maji ya kuoga? Nasikia asubuhi Moshi kuna baridi.

---

Fundi_Pasua:

Moshi mjini ni joto sehemu kubwa ya mwaka, Januari na Februari utatafuta feni. Baridi yenyewe ni Juni hadi Agosti. Wenzako wa Arusha ndio wana haki ya kulalamika, kule ni juu zaidi kwa zaidi ya mita 500.

Hita ni ya wati 1,000 hadi 1,500, kwa hiyo ile kubwa inapita uwezo wa ule waya wa 0.75. Na inaua kwa njia ya pili: mtu anaweka mkono kwenye maji kuonja joto ikiwa bado imechomekwa. Ganda lake likipata ufa, maji yote yana umeme. Ikigusa ukuta wa ndoo ya plastiki inatoboa, maji yanamwagika, hita inabaki hewani ikiwaka. Hosteli nyingi zimeipiga marufuku, na ni sawa.

Fanya hivi. Kuoga kunataka lita 15. Chukua chupa ya chai ya lita 3, jaza maji yaliyochemka kutoka kantini, changanya na lita 12 za baridi. Maji ya bomba yakiwa nyuzi 20 utapata kama nyuzi 34, uvuguvugu unaotosha. Siku za jua, dumu jeusi la lita 20 liwekwe juani tangu saa nne, saa kumi utaoga bila kuhitaji moto wa mtu.

---

Hesabu_Kiboriloni:

Dogo, mimi nishike geto na boom, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu. Kaka zako wana hoja, ila wameruka hatua moja: muda ambao pesa inaingia.

Mkopo wa chakula na malazi ni 10,000 kwa siku na unatolewa kwa awamu za siku 60, ndiyo hiyo boom ya 600,000 unayosikia. Haitoki siku unayoshuka basi. Kwanza usajili ukamilike, matokeo na namba ya akaunti yako vihakikiwe, jina lako lifike kwenye orodha ya malipo, kisha usaini. Asiyesaini ndani ya muda, pesa yake inarudishwa Bodi. Kwa hiyo uje na pesa ya kula ya wiki nne mfukoni, iliyotengwa kabisa na ya usajili. Ukikuta boom imetoka mapema, basi hiyo ni akiba yako.

Sasa chukulia chumba cha 50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita: 300,000. Dalali mwezi mmoja: 50,000. Tayari 350,000 na hujanunua kitanda, pazia, ndoo, jiko wala mtungi. Ukilipia hiyo kwa boom ya kwanza unabaki na 250,000 kwa siku 60, yaani 4,166 kwa siku, na humo ndani kuna nauli, kopi za notsi na bando. Kitakachokatwa ni chakula, na mwaka wa kwanza mtihani wa mwisho wa muhula unakuja haraka kuliko unavyodhani.

Jambo la pili: masomo ni miezi kama minane au tisa. Ukilipa mwaka mzima unalipia likizo. Anayepanga vizuri anaomba sita kisha mitatu, na inaandikwa kwenye mkataba tangu mwanzo.

Umeme wa geto. Nyumba yenye wapangaji wengi kwenye LUKU moja haikai chini ya uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo haipati ile bei ya wateja wadogo. Kwa bei ya kawaida 10,000 inatoa kama uniti 28. Jiko la koili la wati 1,000 likiwaka saa mbili kwa siku linakula uniti 60 kwa mwezi, zaidi ya 21,000. Na kama mnagawana sawa, asiye na koili anamlipia mwenye nayo. Uliza kama kila chumba kina sabmita, yaani mita yake ndogo, na siku ya kuhamia piga picha namba inayosomeka.

Ushauri wangu: mwaka wa kwanza kaa hosteli. Geto litafute mwaka wa pili, muwe wawili mnaojuana tabia, na mlitafute mwezi wa nane au wa tisa kabla wapya hawajafika, kwa sababu Oktoba bei na maneno ya madalali vinapanda pamoja.

---

Dada_wa_Longuo:

Naomba nitofautiane kidogo na Hesabu. Hosteli haimfai kila mtu. Mwenye pumu, mwenye ugonjwa unaotaka chakula maalumu kila siku, mama mwenye mtoto mchanga, hawa geto linaweza kuwa la lazima hata mwaka wa kwanza. Na kuna wasiopata hosteli kabisa. Kwa hiyo na utaratibu wa geto usemwe.

Usilipe kwa dalali. Dalali anakuonyesha tu, kodi inaenda kwa mwenye nyumba. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa umuulize mwenyekiti kama nyumba ile ni ya huyo anayekuandikia mkataba. Wapo wapangaji wanaopangisha vyumba visivyo vyao kisha wanatoweka. Mkataba nakala mbili, zote zisainiwe mbele ya mwenyekiti, na muhuri.

Kagua chumba mara mbili: mchana kwa ajili ya ukuta na paa, na saa mbili usiku kwa ajili ya njia. Tembea kwa miguu kutoka maktaba mpaka mlangoni ukiangalia taa ziko wapi. Ukutani tafuta mstari wa maji uliokauka, rangi iliyobabuka futi moja kutoka sakafuni. Ukija Oktoba au Novemba, nyumba iliyo bondeni karibu na mto inaonekana nzuri na ya bei nafuu. Masika inakuja Machi hadi Mei na hapo umeshalipa.

Gesi: mtungi wa kilo 6 unamtosha mtu mmoja anayepika mara moja kwa siku kwa zaidi ya mwezi. Ukifunga regyuleta, paka povu la sabuni kwenye maungio na kwenye mpira. Mapovu yakikua, gesi inavuja. Usijaribu kwa kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni, kwa hiyo mtungi usikae chini ya kitanda wala chumba kisichopitisha hewa chini ya mlango.

Na jiko la mkaa lisiingie ndani kulala nalo, hata kama makaa yamebaki mekundu kidogo tu. Hewa yake yenye sumu haina harufu, mtu anasikia kichwa kinauma na usingizi, halafu haamki. Huu ndio ushauri mmoja ambao naomba wote mnaosoma mumpelekee mtu aliye geto mwezi wa saba.

---

Mgeni_wa_Singida:

Asante dada. Nimeamua hosteli. Ila hili la kunguni limenitisha. Kama nimekagua, sikuona kitu, halafu baada ya mwezi wakatokea?

---

Bwana_Afya:

Inatokea, kwa sababu huingia kwa begi la mgeni, godoro la mkononi, au kiti kilichookotwa. Kwanza ujue hawa hawajathibitika kuambukiza ugonjwa, kwa hiyo mtu asikutie aibu wala hofu. Wanachoiba ni usingizi.

Kinachoshinda watu ni mayai. Dawa nyingi zinaua wanaotembea na kuacha mayai, na mayai huanguliwa ndani ya siku 6 hadi 10, kwenye joto la Moshi haraka zaidi. Kwa hiyo kupuliza mara moja ni kupoteza pesa. Puliza, subiri siku 10 hadi 14, puliza tena, na kama bado unaona alama rudia mara ya tatu. Vitanda vyote vinne siku moja. Mkimtibu mmoja, wanahamia kwa wengine.

Kazi yenyewe iwe hivi. Asubuhi toeni nguo na mashuka yote, yafungeni kwenye mifuko ya plastiki mkiwa bado chumbani, msiyaburute koridoni. Loweka kwenye maji ya nyuzi 60 kwa nusu saa, hayo ni maji ambayo mkono hauwezi kuvumilia. Fremu ya chuma imwagiwe maji yanayochemka kwenye kila ungio na tundu la nati, taratibu, birika zima kwa kitanda kimoja. Joto la nyuzi 50 linawaua na mayai yao. Godoro pigeni brashi kwenye mishono, kisha jua kali pande zote mbili. Jua peke yake halitoshi, wanazama ndani kukimbia joto. Ndipo mtaalamu apulize kwenye nyufa, si hewani. Chumba kikae kimefungwa kwa muda uliotajwa kwenye chupa, halafu madirisha wazi.

Baada ya hapo vuta vitanda viache ukuta kwa sentimita 10, shuka lisiguse sakafu, na kila mguu wa kitanda uwe ndani ya kopo lenye maji ya sabuni. Kunguni haruki wala hapai, lazima apande mguu. Makopo yatakuonyesha kama bado wapo.

Mafuta ya taa hapana, ni moto unaosubiri kiberiti. Na zaidi ya hapo, Moshi ni mji wa wakulima, dawa za kahawa na nyanya zinapatikana kila duka la pembejeo, na wapo watakaokuambia ndiyo yenye nguvu. Dawa ya shambani haikutengenezwa kwa godoro unalopumulia kwa muda wa saa saba kila usiku. Usiruhusu iingie chumbani kwenu.

Usihamie chumba kingine kwa muda. Unawahamisha nao.

---

Waden_wa_Zamani:

Bwana Afya amemaliza. Mimi nimalizie vya kubeba, na mambo ya wanne kwa wanne.

Kutoka nyumbani: vyeti halisi na nakala zilizothibitishwa, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, barua ya udahili, fomu ya afya iliyojazwa hospitali, picha ndogo kumi. Mashuka jozi mbili, blanketi moja, taulo mbili, kandambili za bafuni. Asali ya Singida na karanga zikae kwenye kopo lenye mfuniko wa kuzungusha, kwa sababu sisimizi na panya hupitia kabati kwanza. Vingine vyote nunua Moshi: ndoo mbili za lita 20 zenye mfuniko, moja ya kuogea na moja ya akiba, dumu la lita 20, beseni, kufuli mbili, chupa ya chai. Pazia na blanketi la pili utapata soko la Memorial kwa mitumba, ila vifue kwa maji ya moto kabla havijagusa kitanda, kwa sababu ile ya kunguni.

Wiki ya kwanza kaeni wanne mkubaliane kwa maandishi, karatasi moja, mbandike ndani ya mlango wa kabati: taa kubwa inazimwa saa ngapi na baada ya hapo kila mtu na taa yake ndogo, simu za usiku zinaongelewa koridoni, zamu ya usafi na ya kuchota maji siku ambayo tangi limekauka, mgeni mwisho saa ngapi, chakula cha nani ni cha nani. Msisubiri ugomvi utokee. Mtu akiulizwa wiki ya kwanza anajibu, akiulizwa wiki ya nane anaona anashambuliwa.

Liandikeni na la kubebana. Mtu asiye na chumba ataomba kulala kwenu siku mbili, na siku mbili zinakuwa muhula. Huruma ipo, na mara nyingi mwenyewe ana shida ya kweli. Lakini ukikaguliwa usiku mnaondolewa wote wawili, mbebaji na mbebwa, na ada haurudishiwi. Njia ya kumsaidia ni kumsindikiza ofisi ya washauri wa wanafunzi asubuhi, kwa sababu baada ya wiki ya pili huwa kuna vitanda vya waliolipia na hawakufika, na wao ndio wenye orodha hiyo.

---

Mgeni_wa_Singida:

Nimeandika yote. La mwisho: kitanda cha juu au cha chini? Na neti inafungwaje kwenye dabodeka?

---

Dada_wa_Longuo:

Ukiwahi, chukua cha chini. Cha juu kina joto zaidi Januari, na taa inakupiga usoni. Faida ya juu ni moja, watu hawakai kwenye shuka lako.

Neti chagua ya pembe nne, si ya duara. Ya duara inataka ndoano katikati ya dari na kwenye dabodeka haina pa kushuka. Kwa kitanda cha chini, kamba nne zifunge kwenye chaga za juu, pembe kwa pembe. Kwa cha juu, vuta kamba mbili za nailoni kutoka ukuta hadi ukuta juu ya kichwa na miguu, uitundike hapo. Mpya yenye dawa itundike kivulini saa 24 kabla ya kuilalia. Ifue kwa sabuni ya kipande na maji ya baridi, ianike kivulini, maana jua na dawa ya madoa vinaua dawa ya neti. Na kila usiku ichomeke chini ya godoro pande zote, hasa upande wa ukutani ambako mkono wako utagusa kitambaa ukiwa usingizini. Mbu anang'ata kupitia neti iliyogusana na ngozi.